Tulisema Tunapisha

Machi 4

Nimeamua kuandika kwa sababu nikisema natukana. Mama mkwe wangu husema mdomo wangu haujawahi kupigwa pasi. Basi mdomo nimeufunga, nimechukua kalamu.

Mvua ya kwanza imeshuka leo asubuhi, na mimi ni dobi. Wengine wakiona mvua wanafurahia mazao, mimi naona mashuka ya watu kwenye kamba. Tulikimbizana nayo mimi na huyo mama mkwe, namwita Mama, yeye na uzee wake akivua vibanio na kuvibana kwenye meno ili mikono ibaki na kazi ya nguo. Tulipomaliza kuingiza mzigo ndani ndipo nikawaona wanaume wawili wenye makoti ya mvua wamesimama uani kwangu, hawakubisha hata hodi, wanapaka alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa chumba cha pasi.

Nikauliza ni nini hicho. Mmoja akasema, "Ni alama tu, mama."

Walipoondoka nikachukua brashi na sabuni nikaisugua. Haikutoka. Nimetoa damu kwenye nguo za wachinjaji, grisi kwenye za makanika, wino, kutu, masizi. Rangi ile imenishinda. Ningekuwa na ruhusa ya kusema, leo ningesema.

Machi 5

Mvua. Mashuka ya nyumba ya wageni hayajakauka. Alama ipo.

Machi 9

Sasa najua alama ni ya nini.

Shemeji yangu alikuja mchana na tangazo alilolibandua kwenye nguzo ya umeme. Ni mdogo wake marehemu mume wangu, ni dereva wa lori la mtu, na kila siku ya maisha yake anaota kuwa na lori lake. Alisimama mlangoni maji yakimchuruzika, akatusomea. Mtaa wetu wote unatwaliwa kwa manufaa ya umma. Nikauliza umma gani. Akasoma zaidi. Umma wenyewe ni kampuni moja itakayojenga jengo la maduka, na hapa kwetu, penye beseni na kamba zangu, patakuwa maegesho ya magari. Tutalipwa fidia, na mvua zikiisha tuwe tumeondoka.

Nyumba hii ni ya Mama. Aliijenga na mumewe chumba baada ya chumba, na hati ina jina lake. Mimi niliingia humu bibi harusi. Mume wangu alipofariki, watu wakategemea nitarudi kwetu, Mama akaniambia, "Mwanangu kafa, wewe hujafa. Unakwenda wapi?" Ndipo tukageuza vyumba vya mbele kuwa sehemu ya kufulia. Tunakula humu, na kazi yetu iko humu.

Lakini lililonimaliza nguvu lilikuwa chini ya tangazo. Lilisema wakazi walishirikishwa wakaafiki. Na sisi tumetajwa peke yetu, kama mfano mzuri: "Katika nyumba ya dobi, mmiliki alitamka kwamba yuko tayari kupisha, na wakazi wakaanza papo hapo kuondoa vifaa vyao."

Mama akasema, "Mimi? Nilitamka wapi?"

Tukakumbuka wote wawili kwa pamoja. Ilikuwa kabla ya mvua. Gari jeupe liliingia kwenye uchochoro wetu, na uchochoro ulikuwa umejaa matenga ya nguo. Kijana mmoja mwenye adabu zake akatoa kichwa dirishani, akasema, "Shikamoo bibi, mko tayari kupisha?" Mama akajibu, "Marahaba, tuko tayari wanangu, hata sasa hivi." Kisha akaniita, nikatoka na kuanza kubeba matenga kuyaingiza ndani. Yule kijana akashukuru, akaandika kitu, wakapita.

Kumbe wakati nabeba yale matenga nilikuwa nahama.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akatazama dari, nikajua anaiona fidia na lori lake vikipita juu ya kichwa chake.

Machi 15

Nguo za Mheshimiwa zimekuja. Ni mbunge, anakaa upande wa pili wa mji kwenye kuta ndefu, na nguo zake huletwa na dereva. Namwita Mheshimiwa Wino, kwa sababu hana gauni hata moja ambalo mkono wa kulia hauna doa. Siku zote nimeamini watu hawa kazi yao ni kusinzia kwenye viti laini tukiwalipia usingizi. Leo nilikuwa na kisirani, nikamwambia dereva, "Mwambie bosi wako anunue kalamu nzuri, mshahara anao."

Akasema, "Kalamu ni nzuri, mama. Tatizo anaandika gari likiwa linakwenda."

"Anaandika nini cha haraka hivyo?"

"Muswada wa sheria. Anataka serikali izuiwe kuchukua nyumba za watu na kuwapa wafanyabiashara."

Nilidhani ananitania, lakini mtu huyu utani haujui. Nikamshika mkono nikampeleka uani, nikamwonyesha alama. Aliitazama, akaondoka na nguo zilizokuwa tayari, akasahau gauni moja.

Machi 18

Mvua. Unyevu umeingia hadi kwenye wanga wa kukazia nguo. Leo nimemgombeza Mama bila sababu, naye amenigombeza kwa sababu.

Machi 27

Mheshimiwa Wino amekuja mwenyewe kufuata gauni lake. Nilimtarajia mrefu zaidi. Alikaa kwenye kibao cha chumba cha pasi, moto wa pasi ukimtoa jasho, hakuomba kiti kingine. Mama akamletea chai. Mimi niliendelea kupiga pasi ili mdomo usiniponyoke.

Alitueleza taratibu. Sheria iliyopo inaruhusu serikali kutwaa ardhi kwa "manufaa ya umma", na neno manufaa limelegea kama mpira wa suruali ya zamani, kila tumbo linaingia. Jengo la maduka litaleta ajira, ajira ni manufaa, basi toka. Muswada wake unataka neno hilo liwe "matumizi ya umma": barabara, shule, hospitali, bomba la maji, vitu ambavyo umma wenyewe utavitumia. Kumtoa mtu ili mfanyabiashara aingie, marufuku. Na mwenye nyumba aulizwe waziwazi, ajibu mwenyewe.

Nikasema, "Hiyo itawafaa watakaokuja. Sisi tangazo letu limeshatoka."

Akasema kuna kifungu cha mwisho. Sheria itamlinda pia mtu ambaye tangazo lake limetoka, ikiwa nyumba yake bado imesimama na fidia hajapokea. Akamgeukia Mama. "Bibi, usipokee. Na nakuomba uje mbele ya Kamati ya Bunge ueleze ilivyokuwa."

Alipoondoka nilimwambia Mama kwamba mwanasiasa akibisha hodi kwako wakati wa mvua anatafuta mwavuli. Mama akasema, "Labda. Lakini chai ameimaliza na kikombe amekirudisha jikoni mwenyewe."

Aprili 2

Tumegombana na Shemeji. Alianza kwa upole. "Shemeji, wahenga walisema mwenye nguvu mpishe."

Nikamwambia, "Wahenga hawakuwa na hati ya nyumba."

Akasema serikali ni mafuriko, mwenye akili anachukua godoro lake anapanda juu. Akasema fidia ingetosha nyumba ndogo nje ya mji, na kingebaki cha kuanzia lori. Nikamuuliza anataka mama yake alale nje ya mji au ndani ya lori. Hapo sauti zikapanda.

Halafu akatoa wazo jingine, na hili liliniudhi zaidi. Kama tunang'ang'ania kupigana, basi kuna mwanasheria wa mtaani amemwambia njia ya mkato: tuiambie Kamati kwamba Mama ni mzee, akili zimechoka, hajui alichokisema. Ridhaa yake itafutwa mara moja. Mimi, kusema kweli, nilinyamaza. Nililipima. Njia ilikuwa fupi.

Mama alikuwa mlangoni muda wote. Akasema, "Nilielewa. Nilisema kupisha na nilikuwa na maana ya kupisha. Mkiniita mwehu ili nibaki na nyumba, mtakuwa mmeniachia nyumba ya mwehu."

Shemeji akasema, "Mama, ni maneno tu ya kwenye kamati."

"Na kupisha kulikuwa neno tu la kwenye uchochoro."

Shemeji aliondoka bila kuaga. Nimelala na hasira naye, na kidogo nina hasira na mimi mwenyewe.

Aprili 3

Mvua. Shemeji hajaja.

Aprili 11

Leo tumekwenda kwenye Kamati, nitaandika mpaka mkono uchoke.

Tulivaa vizuri. Gauni la Mama nililipiga pasi mara mbili, mara ya pili kwa woga. Ukumbi una meza ndefu ya kuzunguka, kila mbunge na maiki yake na chupa yake ya maji, na kiyoyozi kinavuma baridi mpaka nikauvua mtandio wangu nikamfunika Mama magoti. Shemeji tulimkuta ameshafika, amekaa mstari wa nyuma na shati la kazi. Sikumsalimu.

Waliotangulia walikuwa watu wa kampuni. Walionyesha picha ya jengo lenyewe, lina miti midogo mbele na watu wanatembea wakicheka. Ni zuri, siwezi kusema uongo. Hakuna hata mmoja kwenye ile picha aliyebeba tenga.

Ikafika zamu yetu. Mwenyekiti ni baba wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Akavaa miwani, akasoma yale maneno ya tangazo, akauliza, "Bibi, haya ni maneno yako?"

"Ni yangu."

Nikamwona Mheshimiwa Wino anaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo ulikubali."

"Nilikubali kupisha."

"Ndiyo, kupisha mradi."

"Mradi sikutajiwa. Ningetajiwa ningewauliza unaitwaje na unakwenda wapi. Lakini mwenyekiti, hata ungekuwa mradi, mimi tangu nimeolewa napisha watu. Mtu akiniambia nipishe, nasogea, anapita, narudi nilipokuwa. Huko ndiko kupisha. Nyinyi mnataka nisogee, halafu akae yeye. Hilo mnaliitaje?"

Mwenyekiti akasema, kwa upole kabisa, "Bibi, katika lugha ya serikali neno kupisha lina maana yake."

"Hawakuniuliza kwa lugha ya serikali, mwanangu. Waliniuliza kwa Kiswahili."

Wachache walitabasamu. Mmoja alikuwa anatazama simu tangu mwanzo na hakuinua kichwa. Mwenyekiti hakutikisika, aliandika, akapindua karatasi. Mimi nilidhani ukumbi utasimama kumpigia makofi, haukusimama.

Kisha akauliza kama kuna mtu wa familia. Shemeji akasimama. Nikaushika mkono wa Mama. Mwenyekiti akamuuliza, "Wewe ni mwanawe. Tuambie bila kuona haya, kumbukumbu ya mama yako ikoje?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilisubiri. Njia ya mkato ilikuwa wazi mbele yake, wao wenyewe wamemfungulia. Shemeji akakuna shingo. "Mheshimiwa mwenyekiti, kumbukumbu ya mama inanitesa. Anakumbuka kila nilichovunja tangu utotoni. Akikuambia alisema kupisha, ujue alisema kupisha, na akikuambia hakusema kuhama, hakusema."

Akakaa. Mwenyekiti akashukuru, akaita shahidi mwingine.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Shemeji alituletea lori mpaka mlangoni pa Bunge, askari wakimfokea. Tulipanda mbele watu watatu. Njiani nikamwambia, "Ulisema vizuri." Akasema, "Usinizoee." Tumecheka hadi nyumbani.

Aprili 12

Redio imetaja watu wa kampuni, imetaja picha ya jengo, imetaja "wakazi kadhaa". Mama ni wakazi kadhaa.

Aprili 20

Majirani wameanza kupokea. Fundi viatu amehama jana, mwenye duka la kona leo. Alinikumbatia akalia, akasema ana watoto wanaosoma, nami sikuwa na la kumlaumu. Mabati yake yameng'olewa, tayari mvua inanyesha sebuleni kwake. Upande wetu wa mtaa tumebaki peke yetu.

Aprili 22

Jua kidogo. Nimekausha mashuka yote. Siku njema inaweza kuwa fupi hivyo.

Aprili 29

Mheshimiwa Wino amekuja bila dereva, ameendesha mwenyewe. Nilipomwona amekaa kwenye kibao bila kuanza kuzungumza, nikazima pasi.

Kura ni Mei nane. Amehesabu waliomo upande wake, hawatoshi. Kuna kundi la wabunge wako tayari kumuunga mkono, lakini kwa sharti moja: aondoe kifungu cha mwisho. Sheria ianze na watakaokuja. Waliokwisha kutangaziwa waende. Bila kile kifungu, muswada unapita bila shaka. Ukiwa nacho, pengine unaanguka, na ukianguka hautarudi mpaka Bunge jipya.

"Nimetakiwa nijibu kesho," akasema. "Sikutaka mlisikie redioni."

Nikatazama ukuta ili nisimtazame yeye. Mama akauliza, "Nchi nzima, watu wangapi watapona kwa sheria hiyo?"

"Wengi sana, Bibi. Siwezi kukuambia idadi."

"Na sisi?"

Mheshimiwa alitazama ndani ya kikombe cha chai. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilipoona hivyo nikatamani kumchukia kama zamani, nikashindwa.

Mama akakunja mtandio, akaukunjua. "Nikuulize. Umekuja kutuaga au umekuja kutuuliza?"

Alikiweka kikombe chini. Nadhani hata yeye alikuwa hajaamua mpaka dakika ile. Akasema, "Nimekuja kuwauliza."

"Basi wewe ni wa kwanza. Katika jambo hili lote hakuna aliyeniuliza, ila wewe. Na kwa kuwa umeniuliza, nakujibu. Hapana."

Mheshimiwa akasema, "Bibi, unaelewa kwamba…"

Hapo mdomo wangu ulikata kamba. Nikasema, "Anaelewa. Hebu wewe elewa pia. Sheria unayoiandika inasema mtu asinyang'anywe nyumba yake ili wengine wafaidike. Sasa unataka kuipitisha kwa kumnyang'anya huyu nyumba yake ili wengine wafaidike. Kuna tofauti gani kati yako na wale wa rangi nyekundu? Wewe umekunywa chai yetu."

Nilijutia ile ya chai hapo hapo. Nyingine sijutii.

Mheshimiwa alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akacheka kicheko kidogo cha mtu aliyechoka, akasema, "Hilo neno ndilo nitakalowaambia kesho. La chai nitaliacha." Akasimama, akamwinamia Mama, akaondoka. Kikombe alikirudisha jikoni.

Shemeji alipokuja nikamsimulia. Nilitegemea atasema tumekuwa wajinga. Alisema tu, "Basi tujiandae kwa kuanguka." Akaanza kukagua milango kama bado inafunga vizuri.

Mei 3

Mvua inapungua. Redio imesema Mheshimiwa amekataa sharti na kundi lile limemsusa. Wamemwita mkaidi. Kumbe ukaidi unaambukiza.

Mei 7

Kesho. Nimefua gauni lake la kijani, mkono wa kulia umetakata. Dereva amelichukua. Nimemwambia amwambie asiandike garini.

Mei 8

Asubuhi tulikuwa tunaanika. Jua lilikuwa safi, la kwanza la kuaminika tangu Machi. Mama ndiye aliyesikia kwanza. Akasema, "Hilo si lori la mwanangu."

Tingatinga lilikuwa linaingia mtaani, na nyuma yake gari la kampuni. Bunge lilikuwa linapiga kura mchana, wao wakaja asubuhi. Wangesubiri nini? Nyumba iliyoanguka hailindwi na kifungu chochote. Nilimpigia simu Shemeji. Hakuniuliza maswali. Alikuwa njiani na mzigo wa saruji wa tajiri wake, akageuza, akaja akalipaki lori lote mkingamo kwenye mdomo wa uchochoro, akachomoa funguo na kuketi kwenye ngazi ya mlango wetu kama mtu anayesubiri nguo zake.

Mtu wa kampuni alifoka. Shemeji akasema, "Lori limeharibika." Akaulizwa limeharibika nini. "Ufunguo."

Tukadhani tumewaweza. Lakini nyumba za majirani zilikuwa zimeshakuwa vifusi, na kifusi hakina mlango. Tingatinga likarudi nyuma, likazunguka, likapita juu ya kilichokuwa duka la kona, likatokea uani kwetu upande wa chumba cha pasi. Nikapiga kelele kumwita Mama, nikamvuta mkono. Kamba zilikatika kwanza, nguo za watu zikaingia matopeni. Kisha ukuta. Haukuanguka kwa kishindo nilichokitarajia. Uliinama, ukakaa chini, na vumbi likaja kutufunika sote. Pasi zangu zilikuwa ndani, na meza yangu, na kile kibao.

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mama hakulia. Alikwenda akasimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, kilichokuwa kinafuata, akashika miimo yote miwili, akamtazama dereva wa tingatinga machoni. Dereva alikuwa mwanamume wa makamo, sura ya mtu wa kawaida tu. Akazima mashine. Mtu wa kampuni akamwamuru awashe. Akasema inachemka, isubiri ipoe. Sijui kama ilikuwa inachemka, lakini mpaka mchana haikuwashwa.

Shemeji wakati huo alikuwa na simu sikioni, anazungumza na dereva wa Mheshimiwa, naye dereva akakimbia na simu mpaka mlango wa ukumbi. Ya ndani nimeyasikia baadaye redioni pamoja na nchi nzima. Mheshimiwa alisimama akaomba dakika moja. Akawaambia wabunge kwamba muswada walioitwa kuupigia kura mchana huu kampuni imeshaupigia kura yake asubuhi kwa tingatinga. Akasema, "Hawakutusubiri. Wametuona sisi ni uzio wa miti tu, wa kubomoa na kupita."

Ukumbi ukachafuka. Wabunge ambao jana hawakutaka hata kutusikia walisimama kudai heshima ya Bunge. Yule mwenyekiti wa sauti ya taratibu, nasikia aligonga meza. Lile kundi lililomsusa Mheshimiwa likagawanyika. Hawakutuhurumia sisi, walijihurumia wao kwa kudharauliwa, na mimi nimeipokea huruma hiyo ilivyo, siichagulii asili. Kura zilipohesabiwa, muswada ulipita, na kifungu cha mwisho kikiwemo. Waziri akapiga simu kazi isimame mpaka sheria itiwe saini.

Jioni Mheshimiwa akapita akiwa na gauni la kijani, na doa mkononi. Alitazama vifusi. Nikamuuliza, "Kifungu kinasema nyumba iliyosimama. Hii imesimama nusu."

Akasema, "Iliyosimama ni iliyosimama."

Mei 9

Tumefukua pasi mbili. Moja inawaka. Shemeji amesimamishwa kazi kwa ajili ya saruji. Nilipompa pole akasema lori lenyewe lilikuwa bovu, sasa hata ufunguo umeharibika.

Mei 14

Nguo zote zilizoanguka matopeni nimezifua upya. Mama amewapelekea wenyewe kwa mkono wake na kuwaomba radhi, kana kwamba ni yeye aliyeendesha tingatinga.

Mei 21

Sheria imetiwa saini. Redio imelitaja neno "matumizi" na haikulitaja "manufaa". Mtu wa kampuni alikuja na mwanasheria, wanataka kujua tutauza kwa hiari kwa bei gani. Mama akawauliza kama ni swali. Wakasema ni swali. Mmeshajua alichojibu.

Mei 26

Mvua zimekwisha. Shemeji amenisimamishia kibanda cha mabati mahali pa chumba cha pasi, meza ni mlango wa zamani wa duka la kona, mwenyewe amenipa bure. Napiga pasi nikiwa nusu nje, wapita njia wananiamkia.

Asubuhi akaja mteja mpya amebeba mfuko. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi. Nilimtambua kabla hajasema. Ni yule dereva wa tingatinga. Amesema kampuni imemwachisha kazi, kesho ana usaili mahali pengine, na ovaroli lake ni hilo hilo moja.

"Mnafua ovaroli, mama?"

Maneno yalinijaa mdomoni, mengine hata sikujua ninayo. Mama alikuwa anabana nguo kwenye kamba, vibanio kwenye meno, ananitazama tu. Nikamjibu yule mtu, "Tunafua. Uje jioni."

Nililiroweka mwenyewe. Maji ya kwanza yalitoa grisi. Maji ya pili yalitoka meupe, yenye chokaa, na nikajua ile chokaa ni ya ukuta wangu. Nikaendelea kusugua mpaka maji yakawa maji. Nikalianika, nikalipiga pasi, nikalikunja vizuri, kola juu.

Alipokuja jioni nimemtoza bei kamili.